Acheni kuwachora Hotot wanja wa uongo, mnatuulia sungura hawa!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Nafuga Hotot kibete hapa Ohio, napeleka maonyeshoni, nauza watoto wachache kwa wanaojua kutunza. Na nimeuziwa dume mwenye wanja wa kutengenezwa. Ana hati ya nasaba ya vizazi 3, ana namba yake imechorwa sikio la kushoto, aliyeniuzia ni mtu ambaye akipita kwenye ukumbi wa maonyesho watu wanamsogezea kiti. Na bado nimeuziwa uongo.

Kwa msiomjua sungura huyu: ni mweupe pepepe mwili mzima, isipokuwa duara jembamba la rangi kuzunguka kila jicho, jeusi kwa wengi wao, ndilo tunaloita wanja. Akikomaa haruhusiwi kuzidi paundi 3, kama kilo 1.36 hivi. Asili yake ni Hotot wakubwa wa Normandy, Ufaransa, walioanzishwa na mama mmoja aitwaye Eugénie Bernhard mwanzoni mwa karne ya 20. Hawa wadogo walitoka Ujerumani miaka ya 1970, baada ya wafugaji kuingiza damu ya Netherland Dwarf, aina nyingine ya sungura wadogo, na chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ARBA, kikawatambua mwaka 1983. Bado ni wachache. Ukiingia ukumbini utakuta meza na meza za Netherland Dwarf na Holland Lop, Hotot unawatafuta kwa macho.

Sasa, thamani yote ya sungura huyu ipo kwenye ule wanja. Ukikatika, ametoka mashindanoni. Doa jeusi likitokea mgongoni, ametoka. Kwa hiyo mdanganyifu anajua pa kushika. Anachukua kibano, ananyofoa unywele mmoja mmoja mweupe uliojipenyeza kwenye weusi, kisha palipobaki pengo anapitisha rangi. Hebu fikirini mnafanya hivyo kwenye kope ya mnyama anayeenea kiganjani, ambaye moyo wake unakwenda mbio hata akisikia mlango umefungwa kwa nguvu! Mtu anayeweza kumfanyia hivyo mnyama wake kwa ajili ya utepe sijui tumwiteje. Sheria za ARBA ziko wazi kabisa: kunyofoa, kupaka rangi, kukata manyoya kwa nia ya kuficha kasoro ni udanganyifu, na sungura anaondolewa.

Dume wangu alikuja wakati wa baridi, wanja umekaa safi pande zote mbili. Theluji ilipoisha akaanza kubadili manyoya. Nikamweka mezani nimchane, nikaona kwenye jicho la kushoto, kona ile ya kuelekea puani, weusi umeishia njiani na umeanza tena mbele. Katikati ni weupe mtupu. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikamfuta taratibu kwenye manyoya ya zamani yaliyokuwa bado hayajadondoka. Kitambaa kikatoka na alama ya kahawia. Manyoya ya sungura hayachuji rangi, wakuu. Hicho kitambaa ninacho mpaka leo kwenye mfuko wa plastiki.

Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Akishatoka kwangu ni wako, mimi simjui tena." Akakata simu.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, maana kuna watu wameshaniambia "si pesa tu hiyo, songa mbele". Si pesa tu. Nilikuwa nimeshampandisha kwa majike wangu. Wanaofuga vibete wanajua maana yake. Kibete halisi ana nakala moja ya jeni ya ubete. Ukiwapandisha wawili wa namna hiyo, kwa wastani robo ya watoto wanapata nakala mbili, na hao hawaishi. Wanazaliwa wadogo mno kuliko ndugu zao, kichwa kikubwa, kiuno kimesinyaa, na ndani ya siku chache unawatoa kwenye kiota wamekufa. Na uzao wenyewe ni watoto wawili, watatu, wanne ukibahatika. Unabeba maumivu hayo kwa sababu unaamini waliobaki watakuwa na kitu cha kuendeleza aina hii. Mimi waliobaki walipoota manyoya, wengi wao wana pengo palepale, kona ileile ya baba yao. Msimu mzima umekwenda. Majike wangu wamebeba mimba, wamenyonyesha, wamechoka, kwa ajili ya kasoro ambayo mtu aliiona kwa macho yake akaamua kuifunika.

Na ndiyo maana nasema mnatuulia sungura hawa. Ili ushindi uhesabike kwenye safari ya kuwa bingwa mkuu, lazima wawepo sungura wasiopungua 5 kutoka kwa washiriki wasiopungua 3. Unahitaji ushindi wa namna hiyo mara 3, chini ya majaji tofauti. Kwa Netherland Dwarf hilo si tatizo. Sisi wa Hotot, mfugaji mmoja mgeni akikata tamaa baada ya kuuziwa takataka kama hii, kuna mikoa ambayo hesabu haitimii tena na hakuna anayepata kitu, hata yule aliyefuga kwa haki miaka yote. Mdanganyifu huyu anajikatia tawi lake na la kila mtu.

Majaji nao, kwa heshima zote: mnafungua mdomo kuangalia meno, mnahesabu kucha, sawa. Basi chukueni sekunde chache mpulize manyoya ya pembeni mwa jicho muone shina lake. Unywele mweusi wa kweli kwenye wanja haugeuki mweupe ghafla ukifika kwenye ngozi.

Ndugu zangu mnaoniuliza wapi pa kununua, msilipe kabla hamjaona picha za baba na mama wakiwa katikati ya kubadili manyoya. Muuzaji akisema hana, ondokeni. Nendeni na kitambaa cheupe na maji. Linganisheni namba ya sikioni na ya kwenye hati, na kama kuna watoto wa uzao uliopita, ombeni kuwaona wote, si yule mmoja aliyewekwa mbele.

Na wewe unayejijua, najua jamaa zako wanasoma hapa. Nataka pesa yangu, na nataka uwaambie wote uliowauzia watoto wa dume huyu waache kuwapandisha. Malalamiko yangu kwa chama nimeshaandika, kitambaa na picha viko pamoja nayo.