Mjadala: Atma ni moja kwa wote, au kila mtu na yake?

Mtafuta_Hoja: Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, zinasema ndani ya mtu mna atma, yaani nafsi yake ya ndani kabisa, haizaliwi wala haifi. Shankara (mwanafalsafa wa Kihindi, karne ya 8) anasema hiyo ndiyo Brahmani, uhalisi mkuu ulio msingi wa vyote, moja, haina pili. Wanafalsafa wa baada yake, Ramanuja na Madhva, wanakataa. Nani kayasoma maandiko sawasawa? Leteni hoja.

Kinubi: Shankara. Fungua Upanishadi ya Chandogya, sura ya 6. Uddalaka anamwagiza mwanawe Shvetaketu atie chumvi kwenye maji usiku, asubuhi aitafute. Haionekani, lakini akionja upande huu, katikati na upande ule, kote chumvi. Kisha, akimaanisha kiini kisichoonekana kilichomo kote: "Hicho ndicho wewe." Inarudiwa mara 9! Ramanuja ni mtu wa ibada na nyimbo za hekaluni, falsafa tumwachie Shankara.

Mshazari: Nyimbo? Mkuu, Shri Bhashya, kitabu cha Ramanuja, umeisoma au umesikia tu? Mna hoja 7 dhidi ya ule ujinga ambao Advaita (mafundisho ya Shankara) inasema ndio unaotufanya tujione wengi. Ya kwanza tu inatosha: ujinga huo unakaa kwa nani? Kwa Brahmani haiwezekani, maana yenyewe ni ujuzi mtupu. Kwa mtu binafsi? Huyo naye ni zao la ujinga huohuo.

Kinubi: Hasira za nini? Haya, usingizi je? Upanishadi ya Mandukya ina aya 12 tu, hali nne: kuwa macho, ndoto, usingizi wa fofofo, na ile ya nne. Mtu kalala kama pono, hana jina wala cheo, akiamka anasema "nimelala vizuri, sikujua kitu." Hukumbuki usichokishuhudia. Shahidi alikuwepo.

Paka_Shume: Hapo pabovu. Watu wa Nyaya, shule ya mantiki ya Kihindi, wanasema hiyo si kumbukumbu, ni kukisia: mwili mwepesi, uchovu umeisha, basi nililala vizuri. Kwao fahamu ni sifa inayozuka atma ikikutana na manas, ile akili inayopokea habari za hisi. Mkutano ukikatika, fahamu nayo inakatika.

Kinubi: Kwa hiyo moksha yao, kule kukombolewa na kuzaliwa tena, ni kuwa jiwe. Hongereni.

Paka_Shume: Jiwe haliumwi. Wanachotaka ni maumivu yakome kabisa. Ukienda kule kufuata raha, umebeba tamaa, na tamaa ndiyo inayokurudisha kuzaliwa.

Ngoma_Mbili: Hiyo chumvi si iko kwenye Upanishadi ya Katha, kule kwenye gari la farasi? Atma ndiye abiria.

Paka_Shume: Katha haina chumvi. Na si abiria, ni mwenye gari. Mwili ndio gari, buddhi (akili ya kuamua) dereva, manas hatamu, hisi farasi.

Ngoma_Mbili: Mwenye gari asiyeshika hatamu, kazi yake kulaumu dereva. Nawajua wengi.

Mtafuta_Hoja: Jamani, swali lilikuwa moja au nyingi!

Mshazari: Nyingi. Hata Sankhya, shule nyingine ya falsafa ya Kihindi, wanauliza: ingekuwa moja, mbona mmoja akifa wote hawafi? Ramanuja anasema atma zote ni mwili wa Brahmani, kwa hiyo "hicho ndicho wewe" inasimama bila kumfuta mtu.

Kinubi: Gaudapada, mtangulizi wa Shankara, kashajibu. Nafasi ya ndani ya chungu kimoja ikijaa moshi na vumbi, vyungu vingine havichafuki, na nafasi ni ileile moja.

Mshazari: Nafasi haijioni imefungwa chunguni, mtu anajiona. Narudia: ujinga unakaa kwa nani?

Kinubi: Futa kwanza ile "umesikia tu".

Mshazari: Anza na nyimbo zako.