Kichocheo changu cha dhahabu hakifanyi kazi: niongeze polima au nianze upya?

Mwana wa Mikindani ameandika:

Wakuu wa kemia, shikamooni. Ninasomea shahada ya uzamili, na kwa sasa nipo likizo nyumbani Mtwara nikiwa na daftari langu la maabara pamoja na kichupa cha sampuli. Kazi yangu ni kutengeneza kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) cha dhahabu kilichoshikizwa juu ya titani dioksaidi, kitakachogeuza kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa, kuwa kaboni dioksaidi katika joto la kawaida la chumba. Nililichagua somo hili kwa sababu huku kwetu, ingawa gesi inachimbwa Mnazi Bay, jikoni kwa mama mkaa bado unawaka mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya upepo wa bahari.

Nililowesha unga wa titani dioksaidi kwa myeyusho wa asidi ya kloridi ya dhahabu, nikaukausha, kisha nikauchoma kwa nyuzi 400 za Selsiasi kwa saa 4. Unga ulitoka na rangi ya zambarau iliyoiva, yenye kuelekea buluu. Nilipoupitishia gesi, kaboni monoksaidi iliingia na kutoka vilevile. Mwenzangu ananishauri nifunike unga huo kwa polianilini, kwa hoja kwamba polima inayopitisha umeme itaiongezea dhahabu elektroni. Je, niufuate ushauri huo?

Fundi Tanuri amejibu:

Marahaba, ndugu yangu. Polima haitaokoa dhahabu iliyokwisha kuharibika. Masatake Haruta na wenzake huko Japani walipoonyesha mwaka 1987 kwamba dhahabu juu ya oksaidi za metali huunguza kaboni monoksaidi hata katika nyuzi 70 chini ya sifuri, punje zao zilikuwa ndogo mno. Ukivuka nanomita 5 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), utendaji huporomoka. Rangi unayoieleza, hasa huo ubuluu, inanifanya nishuku kwamba punje zako zimeungana na kuwa kubwa.

Mshukiwa wa kwanza ni kloridi. Unapolowesha na kukausha, kloridi yote iliyokuja na dhahabu hubaki ndani, na tanuri linapopata moto ndiyo inayozisaidia punje kutembea na kuungana. Isitoshe, hukalia sehemu ambazo gesi ingepaswa kushikia. Anza upya kwa njia ya kushusha mashapo: pasha myeyusho wa dhahabu hadi nyuzi 70, upandishe pH (kipimo cha uasidi na ualkali) hadi karibu 9 kwa sodiamu haidroksaidi ili haidroksili zichukue nafasi ya kloridi, tia titani dioksaidi, koroga kwa saa moja huku ukiishika pH isiteleze, halafu chuja na uoshe kwa maji ya moto mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Choma kwa nyuzi 200 hadi 300, si zaidi. Kabla ya kuchoma, ufiche unga gizani, kwa maana mwanga wa dirishani peke yake huanza kuigeuza dhahabu.

Sehemu ya dhahabu itabaki kwenye maji ya kuchujia, kwa hiyo usiandike kwenye tasnifu kiasi ulichotia, bali kiasi ulichopima juu ya unga.

Dada wa Nachingwea amejibu:

Naongeza kuhusu polianilini. Polima hiyo hupitisha umeme vizuri ikiwa imetiwa asidi, na wengi hutumia asidi ya haidrokloriki. Yaani utakuwa umeirudisha kloridi ileile mliyoifukuza. Tena, ukitaka kuunguza kaboni monoksaidi kwa njia ya umeme, dhahabu hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya alkali, na ndani ya alkali polianilini hupoteza uwezo wake wa kupitisha umeme. Hapo dhahabu na polima haviwezi kukaa nyumba moja. Kama msimamizi wako anang'ang'ania polima, mwombeni mjadili zile za jamii ya polithiofini, ambazo chaji yake haitegemei protoni, na iwe ni kwa elektrodi, si kwa hewa ya jikoni.

Jambo moja linalokufaa wewe wa pwani ni kwamba hopkalaiti, kichocheo kingine cha kuondoa kaboni monoksaidi ambacho ni mchanganyiko wa oksaidi za manganizi na shaba, huharibiwa na unyevu, ilhali dhahabu juu ya titani dioksaidi husaidiwa na unyevu kiasi. Pima basi kwa gesi yenye unyevu, si kavu tupu. Na kwa mama fungueni mlango leo, maana gramu chache za unga haziwezi kushindana na jiko la mkaa.

Mwana wa Mikindani amejibu:

Nawashukuru sana. Rafiki yangu anayefundisha kemia sekondari hapa mjini ameniruhusu kutumia nitreti ya fedha, ambayo huyachafua maji yenye kloridi. Nilisuuza unga wangu kwa maji ya bomba, nikachuja na kudondosha tone moja. Maji yakachafuka papo hapo, nikafurahi, mpaka mwalimu akadondosha tone lingine kwenye maji ya bomba matupu nayo yakachafuka. Tulirudia kwa maji yaliyokenekwa. Yale matupu yalibaki maangavu, na yale yaliyotoka kwenye unga yakawa meupe kama tui la pili, kisha yakasafika tulipotia amonia. Polima naiweka kando. Fundi, kwa gramu moja ya unga, wewe huosha kwa lita ngapi?

Fundi Tanuri amejibu:

Sihesabu lita. Ninaosha hadi tone la nitreti ya fedha lisichafue tena maji yanayotoka kwenye chujio, kisha naosha mara mbili zaidi.