Feza ya likelemba iende wapi: hisa zenye gawio la miaka mingi au vyumba vya kupangisha?

Mwanzisha mada, Kamalondo

Jioni njema wandugu. Likelemba yetu ya hapa Lubumbashi, yaani kikundi chetu cha kuchangiana feza, ina watu kumi na wawili, wengi wetu walimu na wauguzi. Tangu mwaka jana hatugawani zote tena. Sehemu tunaiweka pembeni kwa ajili ya uzee, maana kila mmoja wetu ameona mzee wa kwao akistaafu na kubaki mikono mitupu. Jumapili iliyopita tulibishana hiyo feza iende wapi mpaka giza likaingia, na hatukupatana.

Kundi moja linataka tununue pasele (kiwanja) upande wa Kasapa, tujenge vyumba vinne, tupangishe. Kundi la pili, ambamo nami nimo, linataka tununue hisa za kampuni zilizogawia wenye hisa faida mwaka hata mwaka, huku hilo gawio, yaani faida anayopewa mwenye hisa, likipanda. Kongo haina soko la hisa, kwa hiyo tunaangalia Dar es Salaam na Nairobi.

Na hizo kampuni si wageni kwetu. CRDB ya Tanzania ilifungua benki hapa Lubumbashi mwaka 2023. Benki ya TMB, iliyozaliwa mji huu huu mwaka 2004, ni ya benki ya KCB ya Nairobi tangu Desemba 2022. Benki ya EquityBCDC ni ya Equity, nayo ya Nairobi. Tunapanga mstari kwenye madirisha yao, tunalipa makato yao, na sehemu ya faida inakwenda kugawiwa kwa watu, wakiwemo walimu wa kawaida kama sisi wenye hisa chache huko Mwanza au Kisumu. Mimi inaniuma. Kwa nini mwalimu wa Kamalondo abaki kuwa mteja peke yake siku zote?

Nimekaa na daftari la mtoto wangu nikaandika gawio la CRDB mwaka kwa mwaka, shilingi za Tanzania kwa kila hisa. La mwaka 2015 lilikuwa 17. Likashuka 10, likashuka tena 5, likapanda 8, na mwaka 2019 likarudi 17. Halafu 22, 36, 45, 50, na la mwaka 2024 ni 65. Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Mtu akikuonyesha kuanzia 2017, utaona ngazi tupu inayopanda. Ukianzia 2015, unaona shimo kwanza. Daftari ni lile lile, kampuni ni ile ile. Kwa hiyo nasema: rekodi ndefu, ndiyo, lakini tuusome kwanza mwaka mbaya. Ilipata faida ndogo ikafanya nini? Iliinuka lini tena?

Naomba maoni. Wanaopinga ndio nawahitaji zaidi.

Mama mwenye nyumba, Katuba

Mwanangu, nimesoma yote, nami nakujibu kwa heshima. Wewe ni mdogo. Mimi niliona mwaka 1973 maduka yakipewa wenye wapya kwa tangazo la Raisi. Niliona Bindo mwaka 1991, watu wakiuza hadi vitanda wapeleke pesa Kinshasa wakiahidiwa faida kubwa, na ikafa mwaka ule ule. Kisha bei zikapaa, mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Aliyekuwa na karatasi alibaki na karatasi. Aliyekuwa na ukuta wa matofali alibaki na ukuta, na watoto walilala ndani.

Mimi nina vyumba vitano. Tarehe tano napita mlango kwa mlango, naandika kwenye daftari la bluu nani amelipa. Nikikosana na mpangaji namwona usoni. Hiyo kampuni ya Dar es Salaam ikikataa kulipa, utagonga mlango wa nani?

Kambisti, komini ya Kenya

(Kenya yetu ya hapa mjini.) Mama ameongea. Mimi naongeza la dola, maana kubadilisha feza ndiyo kazi yangu. Sisi tunakula kwa falanga, tunahesabu kwa dola. Gawio la Nairobi linakuja kwa shilingi. Mwisho wa 2019 dola moja ilikuwa karibu shilingi 101 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilitoa gawio la kawaida la shilingi 1.40 kwa mwaka wa fedha 2020, na shilingi 1.20 kwa mwaka 2024. Gawa mwenyewe: mara ya kwanza unapata karibu senti 1.4 za dola. Ya pili, kwa bei ya ile Januari, robo tatu ya senti. Mwenye hisa wa Nairobi amepungukiwa kidogo. Wewe wa Lubumbashi umepungukiwa karibu nusu. Baadaye shilingi ilipanda ikarudi karibu 130, sikatai, lakini ada ya shule haingojei shilingi ipone.

Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU)

Basi si tununue za Marekani moja kwa moja? Coca-Cola imepandisha gawio zaidi ya miaka sitini mfululizo, na ni dola.

Mhasibu, Golf

Sawa, ila ngoja. Marekani wana orodha maalumu ya kampuni zilizopandisha gawio kwa angalau miaka 25 bila kukatiza, na Coca-Cola na Procter & Gamble zimo. Lakini Walgreens, wauza dawa, nao walikuwa wamepandisha zaidi ya miaka arobaini mfululizo. Januari 2024 wakalikata gawio la robo mwaka kutoka senti 48 hadi 25. Januari 2025 wakalisimamisha kabisa. Aliyenunua kwa kuangalia idadi ya miaka tu alikuwa na sababu zote za kulala usingizi, hadi asubuhi ile.

Kuna mambo mawili ninayoangalia kabla ya miaka. La kwanza, katika kila shilingi mia ya faida, ngapi zinagawiwa? CRDB mwaka 2024 ilipata faida ya shilingi bilioni 551 hivi, ikagawa karibu theluthi moja. Inabaki nafasi: faida ikishuka, gawio linaweza kusimama pale pale. Safaricom sera yake ni kugawa asilimia 80. Hiyo ni tamu mwaka mzuri, ila ikiingia kwenye kazi kubwa kama ile ya Ethiopia, ambako ilianza huduma mwaka 2022, gawio halina pa kujificha. Ndiyo maana likakwama kwenye 1.20 miaka mitatu.

La pili ni mtego. Hisa ya 1,000 inayotoa 50 ni asilimia 5. Bei ikiporomoka hadi 500, kwenye karatasi inasomeka asilimia 10, na watu wanakimbilia. Hakuna aliyeongeza kitu! Ni soko limeshaona kwamba gawio la kesho lina shida. Mwenye tamaa ndiye anayefika wa mwisho.

Muuguzi, Kampemba

Nimo kwenye likelemba hiyo hiyo. Mimi naogopa jambo moja tu: nani atashika akaunti? Kumi na wawili hatuwezi kuwa jina moja. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kikundi kingine, mshika hazina akahama mji na daftari. Hadi leo nikisikia "tuweke pamoja" tumbo linanikaza.

Mwanzisha mada, Kamalondo

Asanteni. Nimesoma kila neno.

Dada muuguzi, una haki. Hisa za Dar na Nairobi zinanunuliwa kupitia dalali mwenye leseni, na jina la mwenye hisa linaandikwa kwenye hifadhi kuu ya soko. Mimi nitapendekeza kila mtu afungue akaunti yake kwa jina lake, na likelemba ibaki kazi yake ya kutusukuma tuweke kila mwezi. Kama haiwezekani hivyo, basi tusinunue. Hapo sitabishana.

Mama wa Katuba, umeuliza nitagonga mlango wa nani. Mei 2020 swali hilo liliwakuta wenye hisa wa Equity. Machi bodi ilikuwa imependekeza shilingi 2.50 kwa hisa, korona ikaingia, Mei wakaliondoa pendekezo. Mwaka uliofuata pia hawakugawa. Nani angegonga? Hakuna. Lakini la 2021 lilikuwa shilingi 3, halafu 4, tena 4, na la 2024 ni 4.25. KCB nayo haikugawa kitu kwa mwaka 2023, ikarudi na shilingi 3 kwa 2024. Sizisifu. Nasema tu kwamba kwa kampuni hizi naweza kuuona mwezi waliofunga mkono na mwezi waliofungua, umeandikwa, kila mtu ausome.

Na mji wetu tayari unajua maana ya kuamini ukubwa na umri. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ambayo mizizi yake ni kampuni ya Union Minière ya 1906, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Haikufika miaka kumi ikawa inatoa karibu tani 30,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, mitambo haikuwa imetengenezwa, mapato yalikuwa yametolewa mengi kuliko yaliyorudishwa kazini. Hilo la mwisho ndilo swali la mhasibu: katika kila mia, ngapi zinatoka na ngapi zinabaki? Wazazi wetu hawakuwa na karatasi ya kulisomea. Sisi tunayo.

Kambisti, hoja yako ya dola sina dawa yake. Nimepiga hesabu upya kwa dola, na safu ya Safaricom imenivunja moyo kweli. Ya CRDB imebaki nzuri, kwa sababu shilingi ya Tanzania ilitoka karibu 2,300 hadi kupita 2,600 tu kwa dola moja kati ya 2019 na 2024, wakati gawio liliongezeka karibu mara nne. Kuanzia sasa sitaandika gawio lolote bila safu ya dola pembeni.

Mama mwenye nyumba, Katuba

Umejibu vizuri, mwanangu. Bado nachagua matofali.

Mwanzisha mada, Kamalondo

Nakuheshimu, Mama. Naomba kitu kimoja. Jumapili tunakutana tena saa tisa, hapa kwangu. Nitaleta miaka kumi ya kampuni nne, mashimo yote yakiwa yamezungushiwa wino mwekundu. Njoo na lile daftari la bluu, na miezi ile ambayo chumba kilikaa kitupu, na mabati uliyobadilisha, na mpangaji aliyeondoka usiku, uwe umeviandika pia. Tuyaweke mezani yote mawili.

Mama mwenye nyumba, Katuba

Nitakuja nalo.