Ng'ombe wa kuchungwa: pumba, mashudu au kaliandra?

Malisho_Mafinga: Habari zenu wafugaji. Nina chotara wawili wa Friziani, wanachungwa kutwa. Tangu kiangazi kikolee wameshuka kutoka lita 9 hadi 5 kila mmoja. Jioni nawapa pumba za mahindi kilo 3, sioni mabadiliko. Niongeze pumba au nihamie mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta?

MamaNdama: Pole ndugu. Pumba usiongeze. Nyasi zikishakauka zinabaki karibu hazina protini, na vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani vinakosa chakula. Ng'ombe anaonekana ameshiba kumbe ana njaa. Pumba zinatia nguvu, lakini protini yake ni kama asilimia 10 tu. Mashudu mazuri huwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Mimi nilitoa kilo moja ya pumba nikaweka kilo moja ya mashudu, ndani ya wiki maziwa yakaanza kupanda. Masika nageuza: nyasi changa zina protini ya kutosha, hapo pumba ndizo zinalipa. Tazama mavi yao. Yakiwa magumu, yamepangana tabaka tabaka, protini haipo.

Kibuyu: Mashudu ni ghali jamani. Pima maziwa siku tatu kabla na wiki moja baada, ulinganishe na bei ya kilo. Na usiwape chakula kingi asubuhi kabla ya kutoka, watalala kivulini badala ya kula majani. Gawa mara mbili, wakati wa kukamua.

Embu_Juu: Huku kwetu Embu, Kenya, ni kaliandra, mti wa malisho ambao majani yake yana protini. Kilo 3 za majani mabichi zinakaribia kilo 1 ya chakula cha dukani. Ng'ombe mmoja anahitaji miti kama 500 kwa mwaka, nasi tumeipanda kwenye matuta na mipakani. Lakini miche ya leo utaikata baada ya mwaka hivi, kwa hiyo kiangazi hiki haitakuokoa. Panda mvua zikianza.

MamaNdama: Naunga mkono. Na mashudu yenye ukungu usiyaguse hata ukipewa bure, sumukuvu inapita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Malisho_Mafinga: Asanteni sana. Nimetoka zizini sasa hivi: mavi ni magumu, tabaka tabaka, kama mama alivyosema. Kesho nafuata mashudu, kilo moja kila ng'ombe, nusu asubuhi, nusu jioni. Daftari la kuandika lita nimeshalitundika mlangoni.