Nyundo inalegea kila nikiiloweka, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, nina nyundo yangu ya mpini wa mbao kichwa kilianza kucheza, nikaambiwa niizamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Nikafanya hivyo na kweli asubuhi ilikuwa imekaza utasema mpya, mbao imevimba imejaa lile tundu lote, nikafurahi kweli. Sasa baada ya wiki hivi mpini umekauka na kichwa kinacheza kuliko mwanzo, nikaloweka tena, ikakaza, ikalegea tena vibaya zaidi, na sasa naona kaufa kadogo pale juu karibu na kabari.

Fundi mmoja kanambia najimaliza mwenyewe, eti mbao ikivimba ndani ya chuma haina pa kwenda kwahiyo nyuzi zake zinapondeka, ikikauka inasinyaa inakuwa nyembamba kuliko zamani. Inaniingia akilini kwa kweli.

Sasa je nigonge kabari nyingine tu au niloweke kwenye mafuta badala ya maji, maana nasikia mafuta hayakauki haraka? Au huu mpini ndo basi tena nichonge mwingine? Na kama ni kuchonga, mbao lazima iwe imekauka kabisa kwanza?