Chumba cha watoto maktaba ya mtaani kwetu kimegeuzwa stoo ya viti vya harusi, halafu tunaambiwa Watanzania hatusomi!

Wakuu, salaam. Hili limenikaba kooni tangu Jumamosi, leo nalitoa. Sitataja mkoa wala wilaya, maana kuna mkutubi mmoja pale aliyenieleza ukweli na sitaki kitumbua chake kiingie mchanga.

Nilimpeleka mpwa wangu, yuko darasa la tano, nimwandikishe uanachama kwenye maktaba ileile niliyokulia mimi. Njia nzima namsimulia: kuna chumba cha watoto mkono wa kushoto, meza fupi, rafu unazifikia bila kupanda juu ya kitu. Tumefika, mlango una kufuli. Nikachungulia dirishani. Viti vya plastiki vimepandana karibu na dari, maturubai, jenereta, spika mbili kubwa. Rafu zimesukumiwa ukutani na vitabu viko sakafuni ndani ya viroba. Viroba, wakuu! Na dari imeshaanza kuvuja, alama za maji zinaonekana mpaka ukutani.

Kumbe uwanja wa nyuma unakodishwa kwa sherehe. Walikosa pa kuweka vifaa, wakachukua chumba cha watoto. Nimeuliza kaunta nani aliidhinisha na hela ya kukodisha inaingia wapi. Dada wa pale hata kichwa hakuinua, akaniambia watoto siku hizi wanasoma kwenye simu.

Basi naomba mnisikilize kuhusu hao watoto. Walikuwa barazani. Nimewahesabu, kumi na saba, wamekaa chini kwenye saruji, madaftari juu ya mapaja. Watatu wanasoma kitabu kimoja, wa katikati ndiye anayefunua kurasa, na wa pembeni anamshika mkono, "subiri, sijamaliza." Nikawauliza kama wametumwa na mwalimu. Hapana. Wanakuja kila Jumamosi kwa sababu nyumbani hakuna pa kukaa wakatulia, na yule mkutubi huwatolea vitabu vichache kimyakimya, jioni anavikusanya. Mpwa wangu akaniuliza kama anaweza kukaa nao. Akakaa.

Chumba cha wakubwa hawaruhusiwi kuingia. Hata wangeruhusiwa, kiti hakuna, kumejaa vijana na noti zao wanajiandaa na mitihani. Hao siwalaumu, nao hawana pengine pa kwenda. Ila nyie mnaoweka begi kwenye kiti kumshikia nafasi mtu ambaye bado yuko kitandani kwake, acheni. Choo kimefungwa, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi humuoni. Mzee mmoja nilimpa shikamoo, anakuja kusoma magazeti miaka yote, akaniambia siku hizi anakuta ya wiki iliyopita na bado anakuja.

Halafu kila siku nasikia ule msemo, ukitaka kumficha Mtanzania jambo liweke kwenye maandishi. Nauchukia kutoka moyoni. Anayeupenda aende akausemee pale barazani mbele ya wale kumi na saba.

Nchi hii haikuanza hivi. Sheria ya kuunda bodi ya maktaba ilipitishwa 1963, uhuru ukiwa bado mchanga kabisa. Maktaba Kuu pale Dar Mwalimu Nyerere aliifungua mwenyewe Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. 1970 akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67 ya watu wazima. Kufika 1986 serikali ilikuwa inataja chini ya asilimia 10. Watu walifundishwa mpaka chini ya miembe, lakini aliyekwisha kujua kusoma alihitaji kitu cha kusoma, la sivyo angesahau. Ndiyo kazi ya hizi maktaba.

Mama yangu ni mtu wa ngumbaru. Alijua kusoma akiwa tayari ana watoto watatu. Jumamosi alikuwa ananishika mkono mpaka pale, mimi naingia chumba cha watoto, yeye anakaa upande wa magazeti, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Nchi ilikuwa maskini kuliko sasa na chumba kilikuwa wazi. Nani anieleze leo tumekosa nini mpaka tushindwe kununua kibanda cha kuwekea viti?

Ada ya uanachama nilikuwa tayari kulipa. Nikaomba kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, nikaambiwa mtandao unasumbua, nitoe tu taslimu niandikwe kwenye daftari. Risiti? Nirudi wiki ijayo. Nikakataa.

Barua nimeshaiandika, kurasa mbili, na picha za dirishani nimezisafisha. Jumatatu naipeleka kwa mkono ofisi ya mkoa na sitoki mpaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kabla ya hapo nahitaji msaada wenu: mwenye kujua kanuni za kukodisha majengo ya maktaba za umma aziweke hapa. Na mlioko mikoa mingine, piteni kwenye maktaba zenu wiki hii, mje mniambie chumba cha watoto kiko wazi au kina kufuli.