Vyakula vya pakiti za supamaketi au vya kupima sokoni? Tulinganishe, watu wa Kigoma na Tabora

MamaNuru_Mwanga:

Habari zenu wanajukwaa. Naombeni tulinganishe jambo hili kwa utulivu, maana limenikaa moyoni mwezi mzima.

Mimi ni mwajiriwa. Natoka kazini saa kumi na moja jioni, na wanangu wawili saa mbili wameshalala. Hapo katikati nipite dukani, niwashe jiko, nipike, wale, waoge. Ndiyo maana nikaanza kuchukua vitu vya pakiti kwenye supamaketi moja hapa mjini: maharage ya kopo yaliyokwisha kuchemshwa, kitunguu saumu kilichosagwa cha kichupa, nyanya ya pakiti. Wiki iliyopita nikachukua na dagaa wa kukaanga, walio tayari kuliwa. Hao dagaa ndio walionifanya niandike.

Boksi lilikuwa gumu, zuri, lina picha ya ziwa jua likizama. Nikalifungua juu ya meza. Ndani kuna trei nyeusi ya plastiki, imefunikwa kwa nailoni iliyobanwa kwa moto. Kwenye trei kuna vifuko vitatu vya rangi ya fedha. Kila kifuko kina dagaa wa kujaza kiganja, kikaratasi cha pilipili ya unga, na kile kipakiti cha punje za kunyonya unyevu. Nuru akavipanga vifungashio mezani kimoja kimoja, akahesabu: kumi na viwili. Dagaa wenyewe wakaenea kwenye kisahani cha chai. Gramu 90, shilingi 7,500.

Mbele imeandikwa dagaa wa Kigoma. Nyuma imeandikwa wamefungwa Dar es Salaam. Kumbe wamevuliwa hapa, wakasafiri zaidi ya kilomita 1,200, wakavalishwa vyote hivyo, kisha wakarudishwa tuwanunue sisi. Na mimi kutoka kwangu hadi Kibirizi, kwenye soko la dagaa, ni bodaboda ya dakika chache tu.

Sikatai kwamba walikuwa watamu. Nilikula nikaona aibu, basi. Naomba kila mwenye uzoefu aseme: kati ya hivi vya pakiti, kipi kina faida ya kweli, na kipi tunalipia boksi tu?

Mzee_wa_Kibirizi:

Mwanangu Mama Nuru, hapo umegusa kazi yangu.

Kwanza, kufunga si kosa. Dagaa wa ziwa letu la Tanganyika ana mafuta. Ukimkausha ukamwacha wazi, hewa na joto huyaharibu yale mafuta, anageuka rangi na anakwaruza koo. Akipata unyevu anaota ukungu. Kwa hiyo mfuko mmoja mzito uliobanwa vizuri una kazi kubwa. Hiyo trei na boksi zinamsaidia mwenye duka apange rafu yake ipendeze. Dagaa hana habari nazo.

Pili, ukija sokoni uliza amekaushwa wapi. Kuna wa mchangani na kuna wa chanja, yaani walioanikwa juu ya kichanja kilichoinuliwa. Usiniamini kwa maneno. Chukua mmoja umvunje: aliyekauka sawasawa anakatika kwa mlio, asiyekauka anapinda. Kisha tia wachache kwenye bakuli la maji, koroga, waache kidogo, wainue. Tazama chini ya bakuli. Wa mchangani utauona mchanga umetulia pale. Wa chanja maji yake hayana kitu. Bei ya chanja imezidi kidogo, na inastahili.

Tatu, usisahau kwamba dagaa ana majira. Mbalamwezi ikiwa kubwa hatuvui, kwa sababu taa zetu hazimvuti tena. Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi ile mitatu, aliyekuwa na dagaa waliofungwa vizuri alikula, na sisi tuliokuwa na akiba iliyohifadhiwa sawasawa tuliuza. Hapo mfuko ulionyesha thamani yake.

Fundi_Gungu:

Mama Nuru, nakuheshimu sana, ila mimi naomba nisimame upande wa pakiti kidogo.

Nakaa chumba kimoja, sina friji. Nyanya ya pakiti ile ya gramu 70 inatosha mboga ya siku moja na hainiachii kitu cha kuoza. Nikinunua fungu la nyanya sita, mbili zinalainika kabla sijazifikia. Nikinunua kopo kubwa, kesho lina ukungu juu. Na hela ninayoshika ni ya siku. Siwezi kutoa ya mwezi nikanunua kwa jumla, hata kama najua kwa jumla ni nafuu.

Nilifanya hesabu ya majani ya chai. Vipakiti kumi vidogo vinanigharimu karibu mara mbili ya pakiti moja ya uzito uleule. Hesabu naijua, ila siku ninayotaka chai mfukoni nina ya kipakiti kimoja. Kwa hiyo tukizungumzia vipakiti tusiwaseme wanaovinunua.

MamaNuru_Mwanga:

Fundi, umesema kweli na nimekuelewa. Sikuwa nawasema watu wa vipimo vidogo, nakuomba radhi kama ilisomeka hivyo. Pakiti moja ya nyanya ni kifungashio kimoja kinachofanya kazi moja. Ninachokilalamikia ni kitu kidogo kilichovikwa mara nne ili kionekane kikubwa.

Mpishi_Kasulu:

Naomba niingie kwenye maharage, maana huku kwetu Kasulu ndiyo mazao yetu na inaniuma kumwona mtu wa Kigoma ananunua ya kopo.

Kopo la kawaida la gramu 400 ukimwaga maji yake unabaki na maharage kama gramu 240. Kilo moja ya maharage makavu ikichemshwa inafika kilo mbili na zaidi. Kwa hiyo kilo moja ya sokoni inakupa makopo karibu tisa. Sasa nenda kapige bei ya makopo tisa.

Najua utasema mkaa. Ni kweli, maharage yasiyolowekwa yanakula mkaa mpaka ukate tamaa, na hapo ndipo kopo linapopata watu. Lakini loweka usiku. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, chemsha yatokote kwa nguvu, kisha punguza moto ufunike. Na usichemshe ya siku moja. Chemsha kilo nzima Jumapili, bila chumvi, gawanya kwenye vyombo vyenye mifuniko. Ya siku tatu kaa nayo kwenye friji, yaliyobaki yagandishe. Jioni ukirudi kazini unakaanga kitunguu, unamimina, dakika kumi watoto wanakula. Hayo ni maharage ya haraka kama ya kopo, na mchuzi wake ni wako.

Kitunguu saumu cha kichupa sikitetei hata kidogo. Soma lebo: ndani kuna siki, chumvi na mafuta, na harufu yake imeshaondoka. Menya vichwa vitano Jumapili hiyohiyo, twanga, weka kwenye friji, tumia ndani ya siku chache.

Mnyamwezi_Tabora:

Hodi huko Kigoma, nachungulia kutoka Tabora.

Mnapozungumza vyakula vya haraka, mimi namkumbuka bibi yangu na matobolwa. Viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama mti. Michembe ni vile vinavyoanikwa vibichi. Kiangazi kizima tulikuwa tunakwenda shamba na matobolwa mfukoni, tunatafuna njiani. Havikuhitaji boksi, vilikaa kwenye kapu juu ya jiko miezi na miezi. Siku moja nimeona viazi vilivyokaushwa kwenye supamaketi huku mjini, vipande kumi kwenye kifuko chenye dirisha, bei nikairudia mara mbili kuisoma. Nilisikia huzuni, kwa sababu mtoto aliyekuwa na mama yake pale alivililia, na nina hakika hajawahi kuonjeshwa vya nyumbani.

Kuhusu asali, ambayo ni yetu, nasema wazi: inataka chombo safi, kikavu, chenye mfuniko unaobana. Asali inavuta unyevu wa hewani, na ikishaingia maji inachacha. Zaidi ya mfuniko hakuna inachohitaji. Chupa ndani ya boksi lenye utepe ni zawadi ya harusi, sawa, lakini si asali bora kwa sababu hiyo. Na ikiganda msiitupe. Kuganda ni tabia ya asali. Iweke kwenye maji ya vuguvugu itarudi.

Muuguzi_K:

Niongeze upande wa afya, kwa sababu naona mizani inaanza kulalia sokoni na kuna mahali hapo si salama.

Chumvi nunueni ya pakiti, yenye madini joto. Najua Uvinza iko jirani na chumvi ya kupima ni rahisi, lakini chumvi isiyowekwa madini joto, au iliyokaa wazi kwenye gunia ikanyeshewa na kuanikwa, haimsaidii mama mjamzito. Hapo pakiti ni kinga. Nyumbani muihamishie kwenye chombo cha mfuniko, mbali na mvuke wa sufuria.

Unga wa lishe ni jambo la kufikiri sana. Watu wanaamini pakiti yenye picha ya mtoto mnene ni salama kuliko wa kusagisha. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, haiondolewi na pakiti wala kwa kupika uji. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na karanga nazo hushambuliwa vilevile. Karanga na mahindi ukinunua mwenyewe unaweza kuchambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu unatoa. Ukiletewa unga umeshasagwa huoni kitu. Kwa hiyo wa pakiti tafuta wenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe inayosomeka, na wa kusagisha chambua kwa mikono yako kabla ya kwenda mashineni. Nimekaa na akina mama kliniki wanaochambua kwa dakika mbili. Haitoshi, mwageni kwenye ungo mkae chini.

Na mawese, jamani. Ule wekundu ndio wenye kile ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Mtu anayachoma kwenye sufuria mpaka yanakuwa meupe, kisha anakwenda kununua chupa ya mafuta yaliyoongezwa vitamini A. Msiyachome kiasi hicho.

Binti_Ujiji:

Nimesoma wote. Hakuna aliyeuliza vile vifungashio kumi na viwili vya Nuru vilikwenda wapi.

Kwetu tunasafisha ufuko kila mwisho wa mwezi, vijana na akina mama wa mtaa. Mvua kubwa ikinyesha, makorongo yote ya mji yanamimina ziwani, na kesho yake ukitembea ufukweni unakanyaga pakiti. Chupa za maji hazikai, kwa sababu kuna vijana wanaziokota na kuuza kwa kilo. Mabati na maboksi nayo yana mnunuzi. Vile vya rangi ya fedha hakuna anayevitaka. Nilimuuliza kijana mmoja anayeokota, akanirarulia kimoja mbele yangu kunionyesha: plastiki imegandana na utando wa alumini, huwezi kuvitenganisha. Akakitupa palepale tulipokitoa.

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na tukaona tofauti kwa macho. Vifungashio vya viwandani vya vyakula havikuguswa, na sasa ndivyo tunavyoviokota. Ziwa hili lina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yanayoingia Tanganyika yanakaa humo mamia ya miaka. Tunayanywa, tunayafulia, na hao dagaa wanaishi humo.

Mama Nuru, mimi kipimo changu dukani ni hiki: naangalia kitu cha kwanza kitakachotupwa nikifika nyumbani. Kikiwa kikubwa kuliko chakula, narudisha rafuni.

Fundi_Gungu:

Dada wa Ujiji, hilo la kurarua sikulijua. Vipakiti vyangu vya nyanya ni vya namna hiyohiyo. Nitaangalia kama tunaweza kuchanga watu wanne hapa nyumba ya kupanga tuwe tunanunua fungu moja la nyanya na kugawana. Mwenye friji yupo mmoja, nitamwomba.

MamaNuru_Mwanga:

Asanteni sana. Jana usiku nimeloweka maharage kilo moja kama alivyoelekeza Mpishi, leo nimechemsha, sasa hivi kuna vyombo vitano kwenye friji na jiko limetumia mkaa nusu ya ule niliozoea. Chumvi naendelea na ya pakiti. Kichupa cha kitunguu saumu kikiisha sinunui tena, kichupa chenyewe nitatilia pilipili. Vifuko vya fedha bado ninavyo, nimeshindwa kuvitupa tangu nimesoma ujumbe wa Binti.

Mzee wetu, Jumamosi naja Kibirizi na Nuru. Nataka aone bakuli la maji kwa macho yake. Nije saa ngapi, na nibebe nini?

Mzee_wa_Kibirizi:

Njoo saa moja asubuhi, kabla wachuuzi hawajabeba. Beba ndoo yenye mfuniko, iwe imekauka kabisa, hata tone lisiwepo. Bakuli na maji viko kwangu.